Waziri Aliyejifunza Kuhesabu Sheshe

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa hofu, la hasha, ila sheria ya nchi ile ilikataza mtu kulitamka jina hilo akiwa ameketi, nami hadithi hii naisimulia nimeketi, tena nimekunja miguu. Itoshe kusema ilikuwa nchi yenye baraka. Mvua ilinyesha kwa kibali, barabara zote zilielekea alikozaliwa kiongozi, na wanyama wa porini waliongezeka kila mwaka bila kukosa, kwa sababu kupungua kulikuwa kosa la jinai.

Kiongozi mwenyewe aliitwa Mtukufu Mlezi. Alipenda wanyama wote, lakini aliyempenda kuliko wote ni sheshe, swala wa majimaji mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu na miguu isiyoogopa tope. Sheshe walipatikana mahali pamoja tu, katika Bonde la Nyasi Ndefu, na taifa zima lilijivunia. Picha yake ilikuwa kwenye stempu, kwenye vifungo vya suti za mawaziri na, kila Sikukuu ya Shukrani, kwenye sahani. Aliliwa kwa ndizi.

Kazi ya kuwahesabu ilikuwa nyepesi. Afisa wa bondeni alichukua idadi ya mwaka uliopita, akaiongezea kidogo kwa ajili ya heshima, akaipeleka mkoani. Mkoani wakaongeza heshima yao. Ilipofika kwa Waziri wa Wanyama Walio Hai na Wanaodhaniwa Kuwa Hai, Mheshimiwa Nikodemu Shaweji, ilikuwa imenenepa vya kutosha kusomwa redioni. Mwaka ambao mambo haya yalianza, ilisomwa elfu nane.

Hakuna aliyekwenda kutazama. Yaani, alikwenda mmoja.

*

Mmoja huyo aliitwa Chande Mgeta, mwalimu wa Chuo cha Viumbe. Chande alikuwa na ugonjwa ambao hospitali za nchi ile hazikuwa na dawa yake: akiambiwa kitu fulani kipo, alikwenda kukitazama. Alikaa bondeni msimu mzima wa kiangazi na wanafunzi wake, wakapita kwa mistari iliyonyooka wakihesabu walichokiona kulia na kushoto, akarudi na jibu lake. Mia tatu. Akalipeleka wizarani, maskini, akiwa amevaa shati la kupigwa pasi, akidhani atashukuriwa.

Kesi yake ilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Mwanasheria wa Mtukufu, mtu mrefu aliyezungumza akiwa amefumba macho, "serikali iliacha bondeni sheshe elfu nane. Ushahidi ni redio. Mshtakiwa akaingia bondeni. Alipotoka, kwa maneno yake mwenyewe, walikuwa mia tatu. Sheshe elfu saba na mia saba wamekwenda wapi? Tumwulize nani mwingine, nyasi?"

Hakimu alimtazama Chande kuanzia viatu mpaka utosini, kana kwamba anatafuta mahali alipowaficha.

Akahukumiwa kifungo cha kukaa gerezani mpaka sheshe wote aliowaiba watakaporejea. Na kwa kuwa nchi ile ilikuwa na huruma, alipewa nafasi ya kujisaidia: kila asubuhi askari walimtoa mpaka kwenye geti linalotazama bonde, akasimama hapo akiwaita wanyama warudi, kwa sauti kubwa na yenye majuto. Asipoonyesha majuto, alirudia.

Mkewe alikuwa Dakta Sikudhani Lugome, naye mwalimu wa chuo kilekile. Alifundisha masomo matatu: ikolojia, uhifadhi na uchambuzi wa takwimu. Baada ya hukumu ile, walimu wenzake waligundua kwa ghafla kwamba vipaji vyao viko kwingine. Mmoja alihamia kufundisha ngonjera. Mwingine alianzisha somo la Maisha ya Waziri, akalifundisha vizuri mpaka akapewa gari. Sikudhani akabaki peke yake kwenye jengo la sayansi, yeye na mifupa ya kiboko iliyoning'inia darasani. Binti yao, Salha, walimpeleka kwa shangazi yake upande wa pili wa mpaka, ambako kuhesabu kulikuwa bado hakujapigwa marufuku.

*

Sikukuu ya Shukrani iliyofuata, Waziri Shaweji alisimama redioni akasoma hotuba. Alikuwa msomaji hodari. Hotuba aliandikiwa, akaisoma kwa mbwembwe, na neno lililotoka kinywani halikupitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Akatangaza kwamba, kwa uongozi shupavu wa Mtukufu Mlezi na kwa kukamatwa kwa yule mwizi, sheshe sasa wamefika elfu tisa.

Sikudhani alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikamponyoka. Elfu tisa! Basi wamerejea wote, na wengine juu yake. Alijua ni uongo, lakini alishajifunza kwamba katika nchi ile mtu hafungwi kwa ukweli wala hafunguliwi kwa ukweli, na kama uongo ndio ufunguo wa lile geti, atauchukua kwa mikono miwili. Alivaa baibui juujuu, akakimbia mpaka wizarani huku mikono ikinuka vitunguu.

Waziri alikuwa mezani na wapambe wake, wale ambao mitaani waliitwa chawa. Walikuwa wanakula mbavu.

"Mheshimiwa, shikamoo. Nimesikia hotuba. Sheshe wamerejea. Mume wangu naomba atolewe."

Shaweji alimtazama huku akitafuna. Akawatazama chawa wake. Kisha akaangua kicheko kilichomtoa machozi.

"Hao si wale, Daktari! Hao ni wengine kabisa. Wamehamia. Wale wa mumeo bado hatujawaona." Chawa wakacheka kwa zamu, kila mmoja akijitahidi kuchelewa kunyamaza. "Lakini umetoka mbali, usiondoke mkavu. Mpeni mama ubavu."

Akasogezewa sahani. Sikudhani alikuwa amefundisha mifupa ya wanyama kwa miaka mingi, hakuhitaji kuuliza ule ubavu ni wa nani. Ulikuwa mdogo. Hata kukua alikuwa hajakua.

Alisema asante, akaondoka. Njiani hakulia. Alikuwa amelia miezi yote ile, lakini tangu siku ile machozi yalikatika kama bomba lililofungwa, na mahali pake pakaingia kitu kingine, kigumu na kitulivu. Alimchukia Shaweji. Nalisema hivyohivyo bila kulipaka sukari, kwa sababu naye hakulipaka. Aliamka akimchukia, akafundisha akimchukia, akala kwa hamu ili apate nguvu za kumchukia. Shaweji yeye alishasahau kabla sahani hazijaondolewa mezani. Mwenye kutenda husahau. Aliyetendewa ndiye anayekumbuka.

*

Mungu si Athumani, husema watu, na mlango wa kisasi ulifunguliwa na mgeni. Rais wa nchi jirani alikuja ziara, akamwuliza Waziri wa Nishati umeme unatengenezwaje. Waziri wa Nishati akajibu kwa wimbo wa kumsifu Mtukufu Mlezi, beti zote. Mgeni akapiga makofi kwa adabu, lakini Mtukufu aliona aibu, na aibu yake ilikuwa kitu cha kutisha.

Kesho yake ikatoka amri. Kila waziri asome shahada ya mambo ya wizara yake. Mawaziri wakafurahi, wakanunua shahada siku hiyohiyo. Waziri wa Afya alinunua mbili, moja ya akiba. Mtukufu aliposikia, akaongeza amri ya pili: mtihani wa mwisho utafanyika hadharani, kwenye uwanja wa mpira, na maswali atayasoma yeye mwenyewe. Atakayefeli atapelekwa kuwa balozi kwenye nchi yenye baridi.

Ndipo gari la Waziri Shaweji lilipoegeshwa chini ya dirisha la jengo la sayansi. Alishuka na chawa wake wote, kila mmoja amebeba daftari jipya.

"Daktari," alisema mkuu wa chuo aliyewasindikiza, akitoka jasho, "wewe ndiye mwalimu pekee tuliyebaki naye. Mheshimiwa anataka kusoma. Kusoma kabisa. Tafadhali, yaliyopita si ndwele."

"Nitamfundisha," alisema Sikudhani. "Nitamfundisha kama sijawahi kufundisha mtu."

Mkuu wa chuo alishusha pumzi. Aliona ni maneno mazuri sana.

*

Somo la kwanza lilikuwa ikolojia. Sikudhani alichora ubaoni nani anamla nani: nyasi, sheshe, chui. Akamwita Waziri ajaze kilele. Shaweji akajiandika mwenyewe. Sikudhani akatafakari, akampa alama zote.

Walipofika kwenye viumbe wanaoishi kwa kunyonya damu ya wengine, chawa walinakili kwa bidii bila kuona lolote la ajabu. Mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mwenye mwili huwa anajisikia vizuri kunyonywa. Sikudhani akamwambia kwamba wengi hudhani wanakunwa.

Kwenye takwimu, Waziri alitaabika mwanzoni. Sampuli hakuielewa mpaka alipoambiwa ni wachache wanaochukuliwa kuwakilisha wengi.

"Aah! Kama bunge."

"Tofauti yake, Mheshimiwa, ni kwamba sampuli ikichaguliwa vizuri inafanana na wale wanaowakilishwa."

"Basi si kama bunge," alisema Shaweji, akafuta kwenye daftari.

Kisha likaja somo la kuhesabu wanyama wasiohesabika kwa macho. Unawakamata wachache, akaeleza Sikudhani, unawatia alama, unawaachia. Baada ya muda unakamata tena, unatazama wangapi kati yao wana alama yako.

"Hiyo tunaijua," alisema Waziri kwa furaha. "Ndivyo tunavyofanya na wapinzani."

"Basi Mheshimiwa umeshalimaliza nusu ya somo."

Akacheka, akafurahi. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana akili. Waliwahi kumwambia ni mwerevu, mtukufu, simba, jua la mkoa, lakini akili hakuna aliyeigusa. Sikudhani aliliona hilo mapema, akalishika. Kila Shaweji alipopata jibu, mwalimu alipiga makofi. Si yale makofi ya chawa, ya kuvimbisha viganja, bali makofi machache, ya dhati, ya mtu anayejua jibu ni sahihi. Shaweji alianza kuyatafuta makofi yale kama mlevi anavyotafuta kilabu. Akaanza kufika mapema. Akaacha kumwita Daktari, akamwita mwalimu wangu.

Na Sikudhani, nyumbani, alikuwa akitunga swali la mtihani kwa upole wa mtu anayefuma kitambaa cha mtoto.

*

Kazi ya vitendo ilifanyika Bonde la Nyasi Ndefu. Waziri alinunua buti za mpira na kofia pana. Siku ya kwanza chawa wawili walizama kwenye tope mpaka kiunoni, na walipotolewa waliomba ruhusa ya kwenda kumwakilisha Mheshimiwa mjini. Wengine waliwafuata. Akabaki yeye, mwalimu, wanafunzi na nyavu.

Walikamata sheshe thelathini. Waziri alishika kila mmoja kwa mikono yake akamtia hereni ya njano sikioni. Wa mwisho alikuwa jike mwenye mimba. Moyo wake ulikuwa unadunda chini ya ngozi, Shaweji akauhisi kiganjani.

"Sikujua wana joto hivi," alisema. "Nimewajua wakiwa wameshapoa."

Akamwachia. Yule jike alikimbia majini akirusha matone, na Shaweji alisimama akimtazama mpaka alipopotea, mdomo wazi, buti zimejaa maji. Hapo, nasema ukweli, Sikudhani aliyumba. Alimwona mtu. Alifikiri: huyu angefundishwa haya akiwa na miaka ishirini, pengine pasingekuwa na yote haya. Usiku ule kambini alikaribia kumwambia.

Jumapili akaenda gerezani. Chande aliletwa kwenye dirisha la wageni. Alifungua kinywa kumsalimu mkewe, na hakikutoka kitu ila mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Sauti ilikuwa imekwisha kwa kuita. Askari walikuwa wamemwandikia kosa la kuita bila majuto, hivyo siku hizi alisimama getini mpaka jua likolee. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la dirisha: *Salha hajambo?*

Sikudhani akaitikia kwa kichwa kwamba hajambo. Alipotoka nje, ile huruma ya bondeni aliitafuta asiione tena, wala hakuihuzunikia.

*

Walirudi bondeni, wakakamata mara ya pili. Safari hii walipata ishirini na wanane, na wanne wao walikuwa na hereni za njano. Waziri alipiga hesabu mwenyewe juu ya boneti la gari, ulimi nje. Thelathini mara ishirini na nane, gawanya kwa nne.

"Mia mbili na kumi!"

Sikudhani akapiga makofi.

Kisha Shaweji akakunja uso. Mjinga hakuwa; alikuwa mvivu tu, na mwalimu wake alikuwa amemponya uvivu. Akachukua idadi zote za zamani zilizowahi kuhesabiwa kweli na watafiti enzi watu walipokuwa bado wanakwenda kutazama, akachora mstari, akaona unashuka kwa ngazi.

"Mwalimu wangu, hebu tazama. Unashuka kila baada ya Sikukuu ya Shukrani. Kila mara! Hii ni nini?"

"Mheshimiwa anaonaje?"

Alifikiri muda mrefu. "Pengine kelele za ngoma zinawakera," alisema, na Sikudhani akamwambia hilo ni wazo linalostahili utafiti.

Lakini kuna jambo lilimkera zaidi, na akalitoa walipokuwa wanarudi mjini.

"Mwalimu, nikisimama uwanjani nikasema mia mbili na kumi, si nitaulizwa wale wengine wako wapi?"

Kila kitu kilining'inia kwenye jibu lile: mume wake, geti lile, chuki yake yote aliyoilea. Alitazama nje ya dirisha ili asionwe macho.

"Wale wengine, Mheshimiwa? Si mwizi wao alishapatikana? Wewe mwenyewe ndiye uliyemkamata. Anatumikia kifungo mpaka leo."

Uso wa Shaweji ulifunguka. "Kweli kabisa! Yule mwalimu, nani jina lake?"

"Mgeta."

"Huyohuyo. Aliiba wote." Akajiegemeza kitini, ameridhika. Kwamba baada ya mwizi kukamatwa yeye mwenyewe aliwahi kusimama redioni akasoma elfu tisa, hilo hakulikumbuka. Angelikumbukaje? Hakuwahi kulisikia.

Mwanamke aliyeketi pembeni yake ndiye mke wa huyo Mgeta, na Shaweji alishalisahau hata hilo.

*

Siku ya mtihani uwanja ulijaa pomoni. Wanafunzi walipewa likizo, wafungwa wenye tabia njema walipewa bendera. Mtukufu Mlezi alikaa kwenye kiti cha enzi kilichowekwa katikati ya goli, na watahini walikaa pembeni.

Waziri wa Afya aliulizwa binadamu ana figo ngapi. Akajibu kwamba chini ya uongozi wako, Mtukufu, zinatosha. Waziri wa Ujenzi aliulizwa daraja linashikiliwa na nini, akasema ni imani ya wananchi. Waziri wa Fedha alipewa hesabu ya kutoa, akaomba iundwe tume. Kila aliyefeli alivikwa koti zito la sufu palepale kwenye jua, ishara ya ubalozi unaomsubiri.

Akaitwa Shaweji. Mtukufu akasoma swali kwa uchovu: "Waziri aeleze namna ya kuhesabu wanyama wasiohesabika kwa macho, atoe mfano wa kazi ya mkono wake mwenyewe, na ataje jibu."

Shaweji akaenda ubaoni, akashika chaki. Na jamani, alijibu! Alieleza nyavu, akaeleza hereni, akaeleza kwa nini usikamate tena mapema mno kabla wenye alama hawajachanganyika na wenzao. Uwanja ulinyamaza. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, waziri alikuwa anasema kitu. Mtukufu alijiinua kitini. Watu wakaanza kuzidisha pamoja naye kwa sauti.

"Mia mbili na kumi!" alitamka Shaweji, akageuka, akapiga mstari chini ya jibu.

Makofi yalilipuka. Kisha yakaanza kukatika, upande huu, halafu upande ule, mpaka likabaki la mzee mmoja kiziwi, naye akazuiwa na mjukuu wake.

"Mia mbili na kumi elfu?" aliuliza Mtukufu.

"Mia mbili na kumi tupu, Mtukufu. Sheshe wa Bonde la Nyasi Ndefu. Nimewashika mwenyewe!"

"Mliniambia elfu tisa."

Shaweji akapepesa macho. "Mwizi alishapatikana, Mtukufu. Yule mwalimu Mgeta. Aliwaiba."

Mwanasheria wa Mtukufu akasimama, amefumba macho kama kawaida yake. "Kwa ruhusa yako, Mtukufu. Mgeta aliiba kwenye elfu nane. Baada ya yeye kufungwa, Waziri alilitangazia taifa kwamba wapo elfu tisa. Ushahidi ni redio. Kisha Waziri akaingia bondeni. Alipotoka, kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa chaki, ni mia mbili na kumi."

Chaki ikamtoka Shaweji mkononi. Njia za kujitetea zilikuwa mbili. Angeweza kusema kwamba zile elfu tisa zilikuwa uongo. Lakini kumdanganya Mtukufu adhabu yake ilikuwa kitanzi. Au angeweza kukubali wizi. Alisimama pale jua likimchoma, na wote waliona hesabu ikipita usoni mwake, haraka na kwa usahihi, maana alikuwa amefundishwa vizuri.

"Niliwaiba, Mtukufu," alisema.

Ukweli ni kwamba wengi wao aliwala, lakini hilo halikuwamo kwenye mashtaka.

Walipokuwa wanamfunga pingu, alimtafuta mwalimu wake kati ya watahini. Alimwona. Sikudhani alikuwa anajaza alama yake, akampa A, akainua macho akamtabasamia kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa ubavu. Shaweji alimwangalia asielewe.

*

Chande alitolewa wiki hiyohiyo. Mwanasheria aligundua kwamba, kama sheshe walikuwa wamefika elfu tisa siku ya hotuba, basi wale wa Chande walikuwa wameshajumuishwa humo, na kifungo chake kilikwisha siku ileile. Muda wote uliofuata alikuwa amekaa gerezani bila kibali. Akasamehewa kwa sharti la kuandika barua ya kuomba radhi kwa kutumia kitanda cha umma.

Sikudhani alimpikia uji wa tangawizi kulainisha koo. Siku ya tatu sauti ikarudi kidogo.

"Mama Salha, wamebaki wangapi?"

"Mia mbili na kumi."

Akaweka kikombe chini. "Nilipowaacha walikuwa mia tatu. Nani kahesabu?"

"Shaweji."

"Kahesabu vizuri?"

"Vizuri sana. Nimemfundisha mwenyewe."

Chande akamgeukia mkewe. "Na ulijua yatakayompata?"

"Nilijua kabla hajanunua buti," alisema Sikudhani. "Sijutii, Baba Salha. Usiniulize kama najuta."

Hakumwuliza. Redio ilikuwa inatangaza kwamba waziri mpya ameapishwa, kwamba sheshe wamefika elfu kumi, na kwamba Sikukuu ya Shukrani mwaka huu itasherehekewa kwa siku mbili badala ya moja. Chande alinyoosha mkono akaizima, akalia bila sauti, maana sauti bado haikutosha kwa kulia. Kisasi kilikuwa kimemrudishia mume. Sheshe hakikumrudishia hata mmoja.

Kabla hawajavuka mpaka kumfuata Salha, alikwenda mara moja zaidi gerezani. Alifika asubuhi. Getini alisimama mtu mnene aliyeanza kukonda, amelitazama bonde, akiita kwa sauti iliyopasuka, na askari kijana akimkumbusha aongeze majuto. Alipomwona Sikudhani aliacha kuita, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Mwalimu wangu! Nilijua utakuja. Nimeirudia hesabu yote ukutani, kila siku naifanya upya. Thelathini mara ishirini na nane, gawanya kwa nne. Nimepima hata kosa la nyavu. Nakuomba, usinifiche, mimi ni mwanafunzi wako." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikosea wapi?"

Sikudhani alisogea mpaka karibu na nondo, ili asilazimike kupaza sauti.

"Hukukosea popote, Mheshimiwa," alisema. "Ndiyo maana uko humu."